Daftari la Mapokezi

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeambiwa kwamba wengi wenu mnaanzisha kampuni kwa mara ya kwanza. Baadhi mmeshaacha ajira, wengine mchana mnafanya kazi ya mtu na usiku mnafanya yenu. Nawaelewa, kwa sababu nami nilipita huko huko. Kwa hiyo sikuja kuwatia moyo. Moyo mnao, msingekuwa nao msingefika hapa. Nimekuja kuwaambia yale ambayo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia, kabla sijamaliza miezi 11 na akiba yangu yote nikitengeneza kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Nianze na daftari.

Kampuni yangu ya kwanza ilitengeneza programu ya kupanga miadi ya wagonjwa katika zahanati. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye. Wazo lilionekana halina kasoro: zahanati nyingi zilikuwa zikiandika miadi kwa mkono, na sisi tulijua kuandika programu. Tukajifungia. Tulibishana siku 2 nzima kuhusu rangi ya kitufe kimoja. Tukatengeneza kalenda ya kupendeza, ripoti za kila wiki, na sehemu ya daktari kuona ratiba yake kwenye simu. Tulipomaliza, zahanati 4 zikakubali kuijaribu bila malipo. Wiki ya tatu nikaangalia kumbukumbu za matumizi. Hakuna hata moja iliyokuwa ikiitumia.

Nikapiga simu kuuliza. Kote nikajibiwa vizuri: programu ni nzuri sana, tumebanwa tu, wiki ijayo tunaanza. Wiki ijayo ikapita, na nyingine ikapita. Ndipo nikaomba ruhusa katika zahanati moja nikae nyuma ya dirisha la mapokezi kuanzia asubuhi, nisiseme neno, nitazame tu.

Aliyekuwa pale ni mama mmoja mtu mzima, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kompyuta ilikuwa imewashwa pembeni, programu yetu imefunguliwa, nadhani kwa kunistahi mgeni. Mbele yake kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu. Wino wa bluu ni miadi iliyothibitishwa. Wino mwekundu ni mgonjwa ambaye hakutokea. Penseli ni yule aliyesema atapiga simu mwenyewe. Kando ya majina machache kulikuwa na alama ya nyota. Nilipomwuliza baadaye akaniambia, hao ni wale wanaohitaji mtu wa kuwashika mkono kupanda ngazi. Simu ikilia, anafungua ukurasa kwa kidole gumba, anatupa jicho, anaandika, anafunga. Nikahesabu kimoyomoyo: sekunde 5. Kwenye programu yetu kazi hiyo hiyo ilitaka ubofye mara 6, na ile nyota haikuwa na pa kukaa.

Hata hivyo, lililonimaliza nguvu lilikuja mchana. Saa 8, foleni ilipopungua, alivuta simu akaanza kuwapigia wagonjwa wa kesho mmoja baada ya mwingine. "Mama, usisahau kesho saa 3." "Mzee wangu, bado unakuja?" Aliendelea hivyo kwa karibu saa 2. Nikamwuliza kwa nini anajichosha namna ile. Akarudi nyuma kurasa chache akanionyesha wino mwekundu. "Hawa wote hawakuja, mwanangu. Daktari alikaa bure, na kuna watu niliwaambia nafasi zimejaa." Kuandika miadi alikuwa ameshakumaliza siku nyingi kwa kalamu 2 na penseli. Kilichomuumiza ni watu wasiotokea. Na sisi, ukumbusho kwa wagonjwa tulikuwa tumeusukumia kwenye orodha ya mambo ya awamu ya pili.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimetumia karibu mwaka mzima kuchanganya dawa ya kunguni wa kitanda ambacho sijawahi hata kukikalia.

Neno langu la leo ni hilo, na mengine nitakayosema ni matawi yake. Wengi tunaoanguka mara ya kwanza tuna akili na tuna bidii. Kinachotuangusha ni umbali. Tunakuwa mbali na mteja, tunaishi na picha yake tuliyoichora wenyewe. Tunakuwa mbali na fedha zetu, hatujui zinaisha lini. Tunakuwa mbali na wenzetu tulioanza nao, hatujawahi kuambiana jambo zito macho kwa macho. Nawaomba msogee.

Kusogea kwa mteja kunaanza na namna ya kuuliza. Ukimwonyesha mtu wazo lako na kumwuliza, "Je, ungelitumia?", atasema ndiyo. Anakupenda, au anakuonea haya, au anataka mazungumzo yaishe vizuri. Jibu hilo halina uzito wowote. Mwulize yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho tatizo hili lilikupata lini? Ulifanyaje? Lilikula muda gani, na nani alikulaumu? Kisha nyamaza. Kama hajawahi kufanya chochote kulitatua, hata kwa kamba na gundi, hata kwa daftari na penseli, basi jua kwamba halimuumi kiasi cha kulipia. Yule mama alikuwa anatoa saa 2 za kila siku kupiga simu. Hayo ndiyo maumivu yenye ushahidi.

Na muwe na hofu na sifa. Marafiki na ndugu watawasifu, na ni haki yao. Mnayemhitaji ni mtu asiyewajua, anayetoa fedha yake mfukoni, kisha anarudi tena bila kubembelezwa.

Mnaozisoma habari za kampuni kubwa mnaziona zikiwa zimeshanyooka. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 2007 huko San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa na shida ya kodi ya nyumba. Mkutano wa wabunifu ukaja mjini, hoteli zikajaa, wakatandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni kwao na kuyakodisha. Hiyo ndiyo Airbnb, tovuti ambayo watu hukodishia wageni vyumba vya nyumbani kwao. Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni ya mwaka 2009, wakiwa tayari na tovuti, tayari na jina, na mapato yamegoma kupanda. Paul Graham wa Y Combinator, kampuni inayowalea na kuwawekea fedha waanzilishi wachanga, akawauliza wateja wao wengi wako wapi. Wakasema New York. Akawaambia, basi nendeni New York. Walipofika wakaingia nyumba kwa nyumba, wakagundua kwamba picha za vyumba kwenye tovuti zilikuwa mbaya, zimepigwa gizagiza kwa simu. Wakatafuta kamera nzuri wakapiga wenyewe. Mapato ya mji ule yakapanda. Hakuna ripoti ya kwenye kompyuta ambayo ingewaambia kwamba shida ni picha. Ilibidi waingie sebuleni kwa watu.

Nick Swinmurn naye, mwaka 1999, alitaka kujua kama watu watakubali kununua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu. Hakukodi ghala. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akapiga picha, akaziweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, anarudi dukani, ananunua kwa bei ile ile ya kila mtu, anamtumia. Kwa hesabu ya faida ni upuuzi, maana hapati kitu. Kwa hesabu ya kujua ukweli, ni fedha ndogo mno kwa jibu kubwa mno. Kampuni hiyo ni Zappos, na miaka 10 baadaye Amazon iliinunua kwa kiasi cha dola bilioni 1.2.

Sasa linganisha hiyo na habari ya Webvan. Walianza mwaka 1996 na wazo la kupeleka mahitaji ya nyumbani kwa watu wanaoagiza kwa intaneti. Wazo lile halikuwa baya, leo linafanya kazi duniani kote. Lakini mwaka 1999, kabla mji wa kwanza haujathibitisha kwamba hesabu zinalipa, wakaingia mkataba wa karibu dola bilioni 1 wa kujenga maghala katika miji mingi. Julai 2001 wakafunga. Quibi nayo ilikusanya dola bilioni 1.75 kutengeneza vipindi vifupi vya kutazama kwenye simu. Ilizinduliwa Aprili 2020, na Oktoba ya mwaka ule ule ikatangaza kufunga. Watu walioiongoza walikuwa magwiji, wenye uzoefu wa miongo. Fedha nyingi zina hatari hii moja ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha: zinakuwezesha kukaa mbali na mteja kwa muda mrefu bila kusikia njaa. Aliye na fedha kidogo hulazimika kumjua mteja wake mapema. Ndiyo maana siwaonei huruma sana mlioanza na kidogo.

Na ukishasogea, tazama watu wanavyokitumia kitu chako, hasa wanapokitumia vibaya. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, kusudi lilikuwa kuwasaidia watu kupokea na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watu wa majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao, wakitumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiisimamia wangeweza kusema, jamani, hivyo sivyo. Badala yake walipoizindua rasmi Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na kutuma fedha nyumbani ndiko kulikobebwa mbele. Slack pia ilizaliwa hivyo. Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Mchezo ukashindwa, wakaufunga mwaka 2012. Lakini walikuwa wamejitengenezea chombo cha kuwasiliana wakiwa kazini, wakagundua hawawezi tena kufanya kazi bila chombo kile. Wakakiuza hicho.

Kuhusu bei nitasema kidogo tu. Toza mapema. Tulipowapa zahanati zile bure, tulijinyima habari muhimu kuliko zote. Mtu aliyepewa bure akichoka huacha kimya kimya. Mtu aliyelipa akichoka hupiga simu na kugomba, na katika kugomba kwake utasikia kila unachopaswa kurekebisha.

Tuje kwenye fedha, na hapa naomba mnivumilie, nitataja tarakimu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii kila mtu anaijua na wachache wanaitii. Kila mwanzilishi aliyeko humu anatakiwa aamke asubuhi akijua idadi moja kichwani: kampuni ina pumzi ya miezi mingapi. Chukua fedha zilizopo benki, gawanya kwa kile kinachopungua kila mwezi baada ya kuhesabu mapato. Una 120, kila mwezi inapungua 10, pumzi ni miezi 12. Ukiajiri watu 2 ikawa inapungua 15, pumzi imekuwa miezi 8. Kutafuta mwekezaji huchukua kwa urahisi miezi 6, kuanzia mazungumzo ya kwanza hadi fedha kuingia. Kwa hiyo siku ile uliyoajiri, ulijipa miezi 2 tu ya kufanya kazi kabla hujaanza kubisha hodi kwenye milango ya watu. Je, uliliwaza hilo ulipokuwa unasaini mikataba yao? Mimi sikuliwaza. Tulikuwa na mfanyakazi 1, kijana mwenye kipaji, na siku niliyogundua kwamba fedha zinatosha wiki 9, alikuwa ndiyo kwanza amehamia nyumba kubwa zaidi kwa sababu ya mshahara wetu. Sura yake nilipomwambia sijaisahau.

Halafu kuna hili la faida na fedha mkononi. Ni vitu viwili, na kutovitofautisha kumeua kampuni zenye wateja wazuri. Tuseme kila mwezi unauza kazi ya 100, na kuifanya kunakugharimu 70. Faida ni 30, mambo mazuri. Lakini mteja wako ni taasisi kubwa inayolipa baada ya siku 90, na gharama zako zinataka kulipwa leo. Mwezi wa kwanza umetoa 70. Wa pili umetoa 140 kwa jumla. Wa tatu 210. Bado hujapokea hata senti moja. Na kama biashara inakua, mauzo yanaongezeka maradufu kila mwezi, katika miezi hiyo 3 utakuwa umetoa 70, 140 na 280, jumla 490, kabla ile 100 ya kwanza haijaingia. Unakua, unasifiwa, na unakosa mishahara. Kwa hiyo omba malipo ya awali. Omba nusu kabla ya kazi. Ni aibu ya dakika 1, na mara nyingi mteja hata hashangai.

Idadi nyingine ya kuishika kichwani ni ya wateja wanaokuacha. Ukipoteza 5 katika kila 100 kwa mwezi unaona si neno, wapya wanakuja. Fanya hesabu ya mwaka: katika wateja 1,000 ulioanza nao, mwisho wa mwezi wa 12 wamebaki kama 540. Ukipoteza 2 katika kila 100, wamebaki kama 785. Tofauti hiyo huwezi kuifidia kwa matangazo, utakuwa unachota maji kwa pakacha. Nimekutana na waanzilishi wanaotumia mchana kutwa kutafuta wateja wapya na hawajawahi kumpigia simu hata mteja 1 aliyeondoka kumwuliza, nilikukosea wapi. Mpigie. Atakwambia, na hatakuficha kama wale ambao bado wapo.

Mambo ya nembo, kadi za biashara na jina lenye mvuto yatakuchukulia siku nzuri za maisha yako kama utayaruhusu. Fanya yanayotosha uendelee. Usajili na kodi, usicheleweshe, na mtafute mhasibu hata wa saa chache kwa mwezi. Basi.

Sasa niseme lililonigharimu kuliko yote, na naliongea nikiwa na uzito moyoni hadi leo.

Mimi na rafiki yangu tuligawana kampuni nusu kwa nusu. Hatukuandika. Tulikuwa tunapendana, na kuandika kulionekana kama kutiliana shaka. Mwezi wa 14 akapata kazi yenye mshahara wa uhakika. Alikuwa na mtoto njiani, na simlaumu, ningekuwa yeye huenda ningefanya vile vile. Lakini alipoondoka, nusu ya kampuni ilikuwa bado yake. Baadaye kidogo nikampata mtu aliyekuwa tayari kuweka fedha. Akauliza hisa zikoje. Nikamweleza. Akafunga karatasi zake taratibu, akasema hawezi kuweka fedha mahali ambapo nusu ya umiliki iko kwa mtu asiyekuwepo. Nikarudi kwa rafiki yangu kumwomba aachie sehemu. Akaona namdhulumu. Nami nikaona ananinyonga. Hatujazungumza vizuri tena, na urafiki ule ulikuwa wa miaka 12.

Dawa yake ilikuwepo, na ni ya kawaida kabisa duniani kote, sisi tu hatukuijua. Hisa za waanzilishi huiva kidogo kidogo. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na mwaka wa kwanza ukiwa wa kusubiri. Ukiondoka kabla ya mwaka kutimia, huondoki na hisa. Ukitimiza mwaka, robo ya hisa zako imeiva. Baada ya hapo huiva kila mwezi hadi miaka 4 itimie. Kwa mpango huo rafiki yangu, kwa miezi 14 aliyofanya kazi, angeondoka na hisa zake 14 katika kila 48. Hakuna ambaye angedhulumiwa. Angekuwa na haki yake, kampuni ingeweza kupata mwekezaji, na sisi tungeendelea kutembeleana.

Kaeni chini wiki hii, wewe na wenzako, simu zikiwa zimezimwa. Ulizaneni: kila mmoja wetu anahitaji kiasi gani kwa mwezi ili nyumba yake isilale njaa? Mmoja akipata kazi nzuri mahali pengine, inakuwaje? Tukitofautiana, nani ana neno la mwisho, na katika jambo gani? Mtu akija kutaka kuinunua kampuni mwaka ujao, nani anataka kuuza? Majibu yakiwapa baridi, afadhali baridi hiyo iwapate leo. Kisha yaandikeni, mkayapeleke kwa wakili ayaweke sawa. Mtu anayekupenda hataona vibaya ukimwambia, ndugu yangu, tuandike tukiwa bado tunacheka.

Kuhusu wawekezaji, wengi mmekuja na swali la namna ya kuwapata. Mimi nitauliza kwanza kama mnawahitaji. Mwekezaji wa kampuni changa anatafuta kitu kinachoweza kukua mara nyingi sana kwa muda mfupi, kwa sababu anajua kampuni nyingi alizowekea fedha hazitarudisha kitu. Biashara yako inaweza kuwa nzuri, ya kulisha familia 20 kwa miaka 30, na bado isimfae. Hiyo si kasoro ya biashara yako. Ben Chestnut na Dan Kurzius walianza Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo, mwaka 2001 wakaikuza kwa fedha za wateja pekee. Mwaka 2021 Intuit, kampuni ya programu za uhasibu, iliinunua kwa kiasi cha dola bilioni 12. Si kila mtu atafika huko, lakini njia ya kukua kwa fedha za wateja ipo, na ni njia ya heshima.

Mkiamua kuchukua fedha, someni karatasi hadi mstari wa mwisho. Kuna kifungu kinachompa mwekezaji haki ya kulipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Kwa chenyewe si kibaya, ni cha kawaida. Lakini kielewe. Tuseme ameweka 5 kwa kampuni iliyothaminiwa 20, kwa hiyo ana robo. Mambo yakawa magumu, kampuni ikauzwa kwa 6. Wewe mwenye robo 3 unapiga hesabu ya 4.5. Hapana. Yeye anachukua 5 zake kwanza, na 1 iliyobaki ndiyo yenu. Kama kifungu kinasema alipwe mara 2 ya alichoweka, hupati kitu kabisa. Thamani kubwa iliyoandikwa juu ya karatasi hufurahisha macho, masharti yaliyo chini yake ndiyo yanayogawa mali.

Na msiwadanganye. Elizabeth Holmes alianzisha Theranos mwaka 2003 akiahidi vipimo vingi kwa matone machache ya damu. Kampuni ikafikia kuthaminiwa dola bilioni 9. Mashine haikuweza kilichosemwa, na Januari 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Nadhani uongo wa namna ile hujengwa siku kwa siku, na huenda tofali la kwanza likawa dogo tu, la kuongeza kidogo idadi ya wateja kwenye wasilisho. Muwe mnasema: tuna wateja 7, na huyu wa 8 alituacha kwa sababu hii. Mwekezaji mzuri atakuheshimu kwa hilo, na asiyekuheshimu hafai kufungamana naye miaka 10.

Mtaniuliza, nitajuaje kama niendelee au niache? James Dyson alitengeneza mifano 5,127 ya mashine yake ya kufyonza vumbi kabla haijakubali. Watu huichukua habari hii kuhalalisha ukaidi. Lakini alikuwa akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kupima. Kila mfano ulimwachia jibu. Basi jiulize: miezi 3 iliyopita imenifundisha nini ambacho nilikuwa sikijui? Kama una la kusema, bado unatembea. Kama jibu ni kwamba unasubiri bahati, unasubiri mtu fulani akujibu barua pepe, hapo umesimama. Na mkiwa mnajiuliza hayo, laleni usingizi wa kutosha na msiwakimbie watu wa nyumbani kwenu. Nilifanya maamuzi yangu mabaya zaidi saa 8 za usiku.

Takwimu za serikali ya Marekani, za miaka mingi, zinaonyesha kwamba biashara mpya 1 hivi katika kila 5 haimalizi mwaka wa kwanza, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Kwa hiyo baadhi yenu mtafunga, na hakuna anayefundishwa kufunga. Kufunga nako kuna utu wake. Anza mapema, fedha zikiwa bado zinatosha kulipa mshahara wa mwisho na madeni. Mwambie mfanyakazi kabla hajasikia kwa mwingine. Mpe mteja muda, mrudishie kumbukumbu zake zote kwa namna anayoweza kuzisoma. Waandikie waliokupa fedha, uwaeleze kilichotokea bila kujitetea.

Mimi nilipofunga, nilikwenda zahanati zote 4 mwenyewe. Ile ya yule mama niliiacha ya mwisho. Nilikuwa nimechapisha miadi yote iliyokuwa kwenye programu yetu, kurasa 3 tu, zile za siku za mwanzo kabla hawajaacha kuitumia. Akazipokea, akaziweka kwenye droo, akaniambia pole mwanangu. Kisha akavuta simu, kwa sababu ilikuwa saa 8.

Sijui kilichonisukuma. Nikamwambia, mama, leo pumzika, nipe wa kesho. Akamwuliza daktari, daktari akakubali. Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa na simu yangu, nikawaandikia ujumbe mmoja mmoja kwa mkono, kila mmoja kwa jina lake na saa yake, nikiwaomba wajibu kama wanakuja au hawaji. Walikuwa 23. Waliojibu kwamba hawaji walikuwa 4, na kabla jioni haijaingia yule mama alikuwa ameshazijaza nafasi zao kwa watu aliokuwa amewaandika kwa penseli.

Kesho yake saa 10 jioni akanipigia. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na jina moja tu kwa wino mwekundu. Akaniuliza kama naweza kurudi jioni hiyo tena, na kwamba daktari anataka kujua nitawatoza kiasi gani.